Siku Pongo Alipogoma Kutoka

Nakumbuka siku moja ya baridi kali ya Juni, mwanangu, nilipoingia kwenye kituo cha kuokoa wanyamapori karibu na Mbalizi, kamera mbili zikiningʼinia shingoni na moyo ukinidunda kwa furaha. Ndiyo kwanza nimerudi kutoka Afrika Kusini na stashahada ya upigaji picha, niliyoilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini. Baba hakunipa hata nauli. Nalisema bila haya: mpiga picha mwenye cheti pale nilikuwa peke yangu, na nilitaka hata nyani wajue.

Kituo kilikuwa kimewafungulia watu milango. Lo, shamrashamra! Nilipiga picha bundi, nikapiga kobe, nikapiga watoto waliopandana mabegani. Ila wote tulingoja jambo moja: kuachiliwa msituni kwa pongo dume, yule swala wa vichakani, ambaye Bibi Atuganile, mkulima wa viazi, alimwokoa angali kichanga mdomoni mwa mbwa, akamnywesha maziwa wiki mbili kabla ya kumleta kituoni. Siku hiyo bibi alikuja kumuaga.

Nilipasua umati hadi mbele yake. "Bibi, kichwa juu! Tabasamu!"

Akajifunika uso wote kwa kitenge.

"Wewe umeuacha mdomo nyumbani?" akauliza humo ndani. "Hata pongo hunusa kwanza."

Watu wakaangua kicheko. "Fundi, umepiga picha ya kitenge!" mmoja akapaza sauti.

Nikaona haya, na haya ikageuka hasira. Basi mhudumu alipofungua kreti ya mbao ya pongo, mlango ukielekea msituni, nikajitosa mbele na kumpiga mwanga wa kamera usoni. Pap! Mnyama akaruka nyuma, akajibana kwenye kona, akagoma.

Dakika zikapita. Mhudumu akanong'ona, uso umemshuka: "Tukimrudisha bandani leo atazidi kuzoea watu. Sijui kama atatoka tena."

Hakuna aliyecheka sasa. Bibi alikishusha kitenge, macho yamemjaa machozi. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze, mimi na stashahada yangu. Kutangulia si kufika.

Nikaweka kamera kwenye nyasi, nikapiga goti. "Shikamoo, bibi. Nimekosa."

Bibi akaniwekea mkono begani. "Marahaba. Sasa ndiyo umefika. Zima hiyo radi yako, ukae papo hapo chini, kimya."

Akazunguka hadi upande wa msitu, akachuchumaa, akaita kwa ulimi, ko, ko, ko, kama alivyomwita enzi za maziwa. Pua ikatokeza. Kisha pembe. Pongo akaja taratibu, akanusa kiganja cha bibi. Bibi akasimama, akampa mgongo, akapiga makofi mawili makubwa.

"Nenda! Usigeuke!"

Akaruka! Nami, nikiwa bado nimepiga goti, nikainua kamera na kubonyeza mara moja tu, bila mwanga: mgongo wa bibi, mikono bado hewani, na pongo juu ya nyasi, miguu yote minne haigusi chini. Watu walipiga vigelegele mpaka bundi wakaitikia. Nilimwonyesha bibi ile picha. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Ndaga, mwanangu," akasema, yaani asante kwa lugha ya kwao.

Picha hiyo ndiyo iliyonipa jina. Leo nina studio Ilomba na nyingine Mlandege, na zote mbili ukiingia inakutazama. Mimi hujisifu, wanijua, na nitaendelea kujisifu. Lakini ile picha sikuipata kwa stashahada. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nami niliinama kwa kulazimishwa.

Basi wewe, unayeanza kushika kamera, uiname kwa hiari. Kabla hujauchukua uso wa mtu, mpe salamu, ungoje aitikie. Mnyama naye mpe nafasi akunuse, wala usimmulike machoni. Elimu yako ibebe, ila isikutangulie mlangoni.

Mungu akupe jicho kali na goti jepesi. Na kila uso utakaouinulia kamera, ufunguke kwako kwa furaha.