Siku Nilipowageuza Wachumba Kuwa Ndugu

Aibu niliyoipata Kabuta siwezi kuificha, maana hata leo nikipita pale na baiskeli yangu lazima mama fulani aniite, "Shibukombe, umeamka?" na wote waangue kicheko, basi afadhali niwasimulie mwenyewe, tena mpaka mwisho, kwa sababu wale wanaocheka huwa wanaishia katikati.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, mdogo wangu Chanda alipotaka kumuoa Luse, binti wa watu waliovuka ziwa kutoka Pweto, Kongo, wakahamia kijiji cha Kabuta. Mimi ndiye niliyekuwa shibukombe, yaani mtu anayekwenda kwa wakwe kusema kwa niaba ya kijana, na sikuchaguliwa bure: Kiswahili cha ng'ambo nilikimudu kuliko mtu yeyote hapa Nchelenge (nimewauzia Wakongo samaki tangu sijaota ndevu!). Sharti la bibi yake Luse lilikuwa moja tu. Tutaje mama saba wa Chanda, kuanzia aliyemzaa kurudi nyuma, bila karatasi, maana kwetu ukoo unapita kwa mama, na jina moja likikutana na la upande wao, hakuna ndoa.

Jioni ya kuamkia safari, mama mkubwa akanifundisha majina hayo mpaka nikayashika. Mke wangu akasema, "Sasa lala, bwana." Nikamjibu, "Nilale majina yanitoroke?" Basi nikakesha natembea pwani ya ziwa nikiyataja, mjinga mimi, na kulipokucha nikapanda baiskeli, macho mekundu, kifua mbele.

Kabuta tukakaa uani, kando ya mikeka iliyoanikwa chisense, vile visamaki vidogo vyetu. Bibi akaanza kutaja upande wao, jina kwa jina, mpaka la mwisho: "Na huyo alizaliwa na Mumba, ule mwenye kovu la mamba ku muguu, aliyevuka maji na mutoto ku mugongo."

Zamu yangu. Nikasafisha koo. "Chanda amezaliwa na Chilufya, Chilufya na Kunda, Kunda na Ngosa, Ngosa na Mwansa, Mwansa na..." Kweupe! Kichwani hamna kitu. Na mdomo wa mchuuzi, ndugu zangu, haujui kunyamaza, ukaokota jina lililokuwa karibu. "Mwansa na Mumba."

"Mumba gani?" bibi akauliza.

Hapo ningesema nimekosea, yakaisha. Lakini mimi, shibukombe mzima, nikosee? Nikajibu kwa sauti kubwa, "Ule mwenye kovu la mamba!"

"Mayo! Basi hawa batoto ni ndugu!"

Luse akatoka jikoni analia, mwiko mkononi. Mjomba wake akanirudishia sahani yetu ya posa, ile ambayo wakwe wakiipokea ndiyo wamekubali, hata haijafunuliwa. Nikajaribu kurekebisha, nikataja jina lingine, kisha lingine tena, na kila nilipofungua mdomo nikazidi kuharibu, mpaka bibi akasema, "Huyu mutu anatuchezea," wakajitenga kushauriana jinsi ya kutufukuza. Nilimfikiria Chanda, aliyekuwa ananingoja barabarani na shati jipya.

Nikakaa chini kungoja hukumu. Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi! Najua tu kwamba nilianguka ubavu juu ya chisense za watu, mdomo wazi, nakoroma mbele ya wakwe (mbele ya wakwe, mnasikia?), nikaja kuamshwa na vicheko vya wanawake, jua limeshahama, visamaki vimenasa shavuni na kimoja sikioni.

Lakini kabla sijaketi vizuri nikapiga kelele, "Bwalya! Mwansa amezaliwa na Bwalya, Bwalya na Kapya, Kapya na Chola!" Yalikuwepo yote, yamejipanga, na sauti ya mama mkubwa ndani yake.

"Rudisha kutoka nyuma," bibi akasema. Nikarudisha. "Anzia katikati." Nikaanzia. Bado hakuniamini, akamtuma mjomba kwa baiskeli mpaka kwa mama mkubwa, na mjomba akarudi na majina yale yale saba, kwa mpangilio ule ule, hata moja halikupungua. Bibi akanitazama, akatoa kisamaki sikioni mwangu kwa mkono wake mwenyewe.

"Asubuhi majina yalikuwa bado ku mulango," akasema. "Umelala, sasa yameingia mu nyumba. Leta sahani."

Luse na Chanda wana wajukuu leo, na wajukuu hao mama zao wote nawajua kwa majina! Tangu siku ile nimetumwa posa nyingi pwani hii, na hakuna sahani yangu iliyorudishwa tena. Ila niliapa sitakesha kamwe. Nikishafundishwa majina najilaza mapema, na mgeni akija kuniulizia, mke wangu anamzuia mlangoni: "Usimwamshe, baba. Bwana yuko kazini."