Kipanya cha Kidole Gumba

Kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, kilibaki kwenye mlango wa bohari hapa Doha, na aliyekikata namjua. Ni msimamizi wetu, aliyetuamuru tuuinue mlango wa chuma kwa mikono kwa sababu kumngoja fundi kungemchelewesha. Na ajenti wa Mombasa aliyeniahidi udereva, kumbe ananipeleka kubeba mizigo, naye simwachi. Hao wawili nitawasema mpaka nizikwe. Yaliyobaki ni ya kucheka.

Kwenye chumba chetu mtaa wa Muaither tulikuwa watano, Wakenya na Waganda. Kila Ijumaa baada ya swala tulipambana na chumba cha pili kwenye kompyuta, mchezo wa kupigana risasi. Timu ilitaka wanne. Wa tano anapika chai. Mimi ndiye niliyekuwa mlengaji. Niliporudi na bandeji, kiti changu kikachukuliwa na yule mpika chai, dereva wa Kiganda, mimi nikapewa birika.

"Pole, mzee," akasema dereva. "Sasa wewe ni waziri wa chai."

Tulicheka wote. Lakini kiti kile nilikitaka kuliko kidole.

Mkono ulipopona nikamwambia dereva, "Tupimane. Atakayeangushwa mara tano anashika birika."

"Kwa kipanya gani, mzee? Utabofya na pua?"

Akanisindikiza mwenyewe hadi duka la kompyuta kule Mansoura, asikose kichekesho. Muuzaji, Mhindi, akatoa kipanya chenye taa za rangi tano.

"Sadiki, rafiki yangu, hiki ndicho wanachochezea mabingwa!"

"Hao mabingwa wana vidole vingapi?" Nikamwonyesha mkono.

Maskini, akaona haya, akamwaga vipanya vyote mezani. Kila nilichoshika, kidole cha kati kilijipinda kutafuta kitufe cha mwenzake marehemu. Nikakasirika, nikakikamata kimoja cheusi, kibaya, kisicho na taa, kama ninavyoshika rimoti kazini. Maana baada ya ajali walinihamishia getini, kutwa nafungulia magari kwa kidole gumba. Gumba likatua lenyewe kwenye kitufe cha ubavuni. Tik. Chepesi kuliko rimoti.

"Hiki kinaweza kufyatua risasi?"

"Ukikipangia kazi hiyo kwenye kompyuta, kinaweza."

Dereva akashika mbavu. "Bunduki ya gumba! Mzee, unapiga risasi au unafungulia bosi geti?"

"Utajua Ijumaa."

Ijumaa akaniangusha mara tatu mfululizo. "Waziri, maji yanachemka!" Gumba lilikuwa linawahi kuliko jicho. Nikajiambia, tulia, ngoja gari lifike kwenye mstari, ndipo ufungue. Mtu wake kwenye skrini akachungulia ngazini. Tik. Akajificha nyuma ya pipa, akachoka kujificha. Tik. Getini nimesimama miezi. Kungoja ndiyo kazi yangu. Tukafika nne kwa nne, chumba kizima kimepanda vitandani. Akatoka mbio kama gari lisilo na kibali.

Tik.

Dereva akainuka mwenyewe kuchukua birika.

"Sukari vijiko vingapi, mzee?"

"Vitatu."

Chai ilikuwa mbaya sana. Nikanywa vikombe viwili, kwenye kiti changu. Msimamizi yule asingepata hata tone.