Seva ya Mkate Haizimwi

Kiwanda yetu ya mkate iko Thika, na depo yake iko Ruiru, karibu na Membley. Katikati ya hizo mahali mbili kuna seva moja, imewekwa kwa ofisi ndogo nyuma ya stoo ya unga. Order ya kila duka inapitia hapo. Ikizimika, watu wa Ruiru hawajui gari gani inabeba mkate gani, na mkate ukishatoka kwa oveni haungoji mtu ajipange. Ndio maana siku niliajiriwa, mara tu baada ya Form Four, kitu ya kwanza niliambiwa ni usizime hiyo mashine. Hata ufanye nini, usizime.

Kitu ya pili ilikuwa backup. Fundi aliyetuwekea mfumo alikuja kutoka Juja, akachukua nakala moja kubwa ya kila kitu kabla hatujaanza kuitumia. Baada ya hapo mimi nachukua ndogo kila siku, zile vitu tu zimebadilika. Nakala ndogo inaisha haraka, seva inaendelea na kazi, hakuna mtu anajua. Lakini alinikazia macho akasema: hizi ndogo haziwezi kusimama peke yake. Siku mashine itaharibika, utaanza na ile kubwa, kisha upange ndogo juu yake, moja baada ya nyingine. Ile kubwa ikipotea, hizo zingine zote ni takataka.

Nikashika hiyo maneno vizuri. Shida ni kwamba sikumwambia mtu mwingine, na hakuna mtu mwingine aliuliza.

Mwaka huu nikaenda off ya wiki moja. Kurudi, nikapata diski ya backup ina nafasi mob, tele kuliko vile niliiacha. Nikafurahi, halafu nikashuku. Nikachukua kompyuta ya zamani, ile tunafunikaga na gunia, nikajaribu kurudisha nakala hapo nione kama itafunguka. Ikakataa. Ikasema nakala ya kwanza haipo.

Nikaenda kwa mkubwa wa stoo. Ni mzee mmoja anajua mkate kuliko mtu yeyote Thika. Anashika tu ukoko anakuambia oveni ilikuwa na moto kiasi gani.

"Mzee, nani aligusa diski yangu?"

"Ni mimi," akasema, na alikuwa anajivunia kabisa. "Ilikuwa inalia imejaa. Nikakusafishia."

"Ulitoa nini?"

"Ile ya kuoza, kairitu, msichana wangu. Ile ya zamani zaidi. Si unajua vile tunafanya hapa? Mzigo ya kwanza kuingia ndio ya kwanza kutoka. Nikabakisha fresh."

Ngai! Kwa stoo yake hiyo ndio sheria, na ni sheria nzuri. Kwa sababu yake hakuna mtu Ruiru amewahi kuuziwa mkate wa jana. Lakini alikuwa amebomoa msingi akaniachia madirisha.

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Sasa seva imeharibika?"

"Bado."

"Basi unalia nini? Ngoja siku tutapumzika, uchukue ingine kubwa."

"Siku gani tunapumzika hapa?"

Akacheka. "Haiya, hiyo nayo ni kweli."

Mimi sikucheka. Wiki hiyo stima ilikuwa inapotea na kurudi kwa nguvu hadi taa za ofisi zinapasuka. Ingerudi hivyo mara moja na iguse seva, tungepoteza maduka yote, order zote, na hatungekuwa na kitu ya kurudisha. Hata kidogo. Hakuna kitu.

Asubuhi iliyofuata mwenye kiwanda akaja. Ni mama, sisi wote tunamwita Mum. Mzee wa stoo alikuwa amemwambia tayari kila kitu kiko sawa, na Mum akaniuliza tu akipita, mkono kwa mlango, "Backup si iko?"

Mzee, nyuma yake, akanitolea macho. Ingekuwa rahisi sana kusema ndio.

"Haiko, Mum."

"Wee!" mzee akasema. "Si uko nazo zimejaa hapo?"

"Ziko, lakini hakuna moja inafunguka. Leo seva ikiungua, tunaanza na karatasi tupu. Nataka kuchukua nakala kubwa, na nataka kuichukua leo."

Mum akatoa mkono kwa mlango. "Itabidi uzime?"

"Hapana. Lakini itakuwa pole pole."

"Pole pole kiasi gani?"

"Ruiru watanitusi."

Akaniangalia, akamwangalia mzee. "Fanya," akasema, akaenda kwa gari yake.

Nikaanza mchana, gari za asubuhi zikiwa zimetoka na za jioni bado hazijapakiwa. Mfumo ukawa mzito kama unga umelowa. Simu ikalia kabla sijakaa vizuri. Ni dada wa depo ya Ruiru, mtu wa Kakamega, na hana aibu.

"Mulembe, dadangu! Hii kompyuta imelala ama imeokoka inaomba?"

"Inafanya kazi. Ngoja tu."

"Ningoje nini? Madereva wamesimama hapa wananiangalia kama mimi ndio nimekula mkate!"

"Waambie wakunywe chai."

"Wamekunywa! Wee, simamisha hiyo kitu yako, utamalizia kesho."

"Sisimamishi."

"Aki wewe una kichwa ngumu!"

"Ninayo, na wewe utangoja."

Akakata. Akapiga tena. Akapiga simu ya mzee pia, na mzee akaja na simu bado iko kwa sikio, akasimama kando ya waya ya diski.

"Imefika wapi?"

"Imepita nusu."

"Basi kata hapo. Nusu si ni kitu? Watu wa Ruiru waachiliwe."

"Mzee, nusu ndio tumekuwa tukikalia wiki yote."

Akanyoosha mkono kwa waya. Mimi nikaingia katikati, mgongo kwa meza. Sijawahi kumpinga mtu mzima hivyo maisha yangu yote.

"Ukitaka kuchomoa, kwanza umpigie Mum umwambie ni wewe umechomoa."

Akarudisha mkono. Halafu akaambia Ruiru kwa simu, "Ngojeni. Huyu msichana amekataa."

Gari za jioni zilichelewa. Sitadanganya, zilichelewa, na maduka fulani yalilalamika. Nakala ilipoisha nikaipeleka kwa ile kompyuta ya zamani. Ikafunguka. Maduka yote yakatokea, Thika, Juja, Ruiru, hadi order ya asubuhi hiyo.

Mzee akainama akasoma majina ya maduka, kidole kwa kioo, hadi akafika chini.

"Na hii utaifanya tena lini?"

"Kila Jumapili mchana."

"Ruiru watapiga kelele."

"Wapige," nikasema. "Na hii diski kuanzia leo hakuna mtu anasafisha ila mimi."

Nikaitoa, nikaitia kwa mfuko wangu, nikaenda nayo nyumbani.