Sifuri Zilizokula Kibao

Mwaka kambi ya wakimbizi wa Burundi ilipokuwa inafungwa, nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya shirika lililowahudumia, Ngara mjini. Kumbukumbu za watoto waliopotezana na wazazi wao zilikaa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na bati wala nyaya, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Diski yake yote ni faili moja tu, na faili hilo lilikuwa limenenepa kuliko diski ya mkononi tuliyopewa ya kulisafirishia makao makuu. Gari lilikuwa linaondoka saa nane.

Nikaanza kupunguza. Picha za watoto zenye jina lililojirudia nikazifuta nikidhani ni nakala, nikabakiza mojamoja. Faili halikupungua hata kidogo, maana kufuta ni kubandua lebo tu. Mzigo unabaki stoo. Ili lipungue, sharti kwanza uandike sifuri juu ya kila nafasi iliyoachwa, ndipo ulibane. Nikaziachia sifuri zifanye kazi yake, nikaenda kunywa chai, nikijiona mjanja.

Mlangoni nikamkuta mama mmoja, mkimbizi, ametoka kambini kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ninatafuta picha ya kijana wangu. Tulipotezana tukivuka mto. Ni pacha, yule wa kwanza." Akataja jina.

Chai ilinishinda. Kwetu Wahangaza, kama kwa Warundi, pacha hachaguliwi jina: la wa kwanza linajulikana, la wa pili linajulikana. Mimi mwenyewe ni pacha wa pili. Kijijini kwetu Nyamiaga nilikuwa nikigeuka kila alipoitwa pacha wa pili wa jirani. Na bado nilikuwa nimewafuta mapacha, nikabakiza mmoja kwa kila jina, kana kwamba wote ni mtu mmoja. Niliona aibu kubwa.

Nilikimbia, nikazisimamisha sifuri. Gari likaondoka bila diski. Kwa programu ya kufufua mafaili nikapata picha kadhaa, nikamwonyesha moja baada ya nyingine. Alipoiona ya saba akakishika kioo cha kompyuta kwa mikono miwili.

"Ndiye huyu! Amekua!"

Ilikuwa nusu picha. Uso ulikuwepo, na shingo. Kuanzia kifuani kushuka chini palikuwa kijivu kitupu; sifuri zilikuwa zimeshapita hapo. Kifuani ndipo kila mtoto alipokishikia kibao chenye namba yake, na ni namba hiyo tu iliyotuambia yuko kambi gani. Kwenye orodha, majina kama lake yalikuwa mengi.

Nilimchapia picha hiyo. Akaifungia kwenye pindo la kitenge, akanishukuru sana, kisha akauliza, "Sasa yuko wapi?"

Nikamwambia tutaziandikia barua kambi zote, na kweli tuliziandikia. Sikumwambia kwamba asubuhi ile, kabla sijafika kazini, kibao kilikuwepo.