Kazi ya Kuonja Biskuti

Ramadhani hii nilikuwa barazani, Kilwa Masoko, na funga yangu, nikimtazama dada jirani akioka biskuti za Idd. Alitumia zabibu kavu na shayiri ya kopo, tunayoiona madukani tangu biashara ziwe ruksa. Kwa kuwa naye amefunga, alimwonjesha jirani mwingine, Mmakonde Mkristo.

"Sukari imekolea, kaka?"

Yule bwana alifumba macho, akatafuna taratibu. "Bado kidogo, dada."

Dada akaongeza sukari, akaoka nyingine. Bado kidogo. Hata sufuria ya nne, bado kidogo.

Siku ya Idd bwana akaja kuulizia sahani yake ya biskuti.

"Wewe si ulishakula?"

"Zile nilikula kikazi, dada."

Nawajua wakubwa wengi wanaokula kikazi. Huyu angalau alitubakishia.