Ngazi za Bi Wanda

Mkaguzi wa ujenzi wa mji wetu huu mdogo wa Pennsylvania habanduki na futi yake ya chuma. Akisimama kuzungumza nawe, kidole gumba kinaivuta kidogo, kinaiachia, nayo inarudi ndani ikilia tak. Sauti yake ni ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Ukimuuliza sheria za viwanja zinataka nini, hujibu: "Kulinda sura ya mtaa. Hilo tu."

Juzi alikuja kwa jirani yangu Wanda Kozlik, mjane ambaye nyumba yake iliungua zikabaki ngazi za mawe. Wanda alitaka kuijenga vilevile, na kibaraza alikokuwa akitupea kahawa tukipita, bila hata kuinuka kitini. Mkaguzi akapima kutoka njiani, akaenda mbali nyuma ya ngazi, akachomeka kijiti.

"Nyumba mpya inaanzia hapa, Bi Wanda. Ndiyo sheria."

"Wewe bwana, hebu utazame mtaa!"

Akautazama. Vibaraza vyote vilikuwa vimebanana kando ya njia. "Hivyo viliitangulia sheria," akasema. "Vimesamehewa."

"Kwa hiyo mtaa uwe na pengo? Ndiyo sura unayoilinda hiyo?"

Tak. Tak. Akapima upya, kana kwamba ardhi ingebadili mawazo, kisha akaketi kwenye ngazi. Mzee mmoja akapita akimsalimu kwa sauti ya chini, kama tunavyomsalimu yeyote anayekaa pale. Akaitikia. Halafu akageuka, akakitazama kijiti chake kule nyuma.

"Kutoka kule," akauliza, "ningemsikia?"