Mama Alipoishusha Krismasi Pemba

Desemba Wachaga wote wanapanda kwenda Moshi. Ukikutana na Mchaga anashuka wakati huo, ujue ana msiba au ana kesi. Sisi hatukuwa na msiba wala kesi. Tulikuwa na mdogo wangu Neema, muuguzi kule Chake Chake, Pemba, aliyepiga simu kusema kwamba amepangiwa zamu na mwaka huu hatakuja nyumbani. Mama akasema, "Basi Krismasi itamfuata huko huko."

Nilidhani anatania. Kesho yake nikamkuta anapanga ndizi mshare, zile za mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, ndani ya kiroba, na flashi yenye muvi yetu ya Krismasi ameifunga kwenye ncha ya khanga. Hapo ndipo akanieleza mpango wenyewe. "Eli, nakwenda kukagua. Nikiona huko hakuna Krismasi, Neema anaomba uhamisho kabla sijapanda boti ya kurudi. Na wewe utaniunga mkono."

Nikasema ndiyo, maana mimi kwa Mama huwa nasema ndiyo. Jioni Neema naye akanipigia. "Kaka, mimi huku napapenda, sitaki kuhama. Uniunge mkono." Naye nikamwambia ndiyo. Nikaanza safari hivyo, na ndiyo zangu mbili mfukoni.

Barabarani tulipishana na mabasi ya kupanda yaliyojaa watu, masanduku na magodoro. Letu la kushuka lilikuwa karibu tupu. Abiria wa upande wa pili walituchungulia madirishani kwa huruma, na mmoja alivua kofia. Kwa kuwa nafasi zilikuwepo, Mama alikipa kiroba cha ndizi kiti chake, cha dirishani.

Tanga, asubuhi, kabla ya boti, nilifanya kosa la kumpeleka Mama kwenye mgahawa mpya ili aone kwamba mwanawe ni mtu wa kisasa. Viti vyake ni virefu kiasi kwamba Mama alining'inia miguu. Muziki ulikuwa wa kuvunja harusi. Kijana wa kuhudumia akaja na tabasamu bila karatasi.

"Menyu iko kwenye simu, mama. Unaskani hapa," akaonyesha kibandiko mezani.

Mama akatoa kisimu chake cha kitochi, akakilaza juu ya kibandiko, akasubiri.

"Hakijaleta kitu," akasema.

Nikaskani kwa yangu. Ikataka jina langu, barua pepe yangu na tarehe yangu ya kuzaliwa, na mimi nilitaka chapati na maharage. Vilipokuja, sahani ilikuwa pana kama ungo, na katikati yake chapati moja imekatwa vipande vinne, maharage yamechorwa pembeni kwa mstari.

"Hii ya kuonja nimeielewa," Mama akasema. "Chakula kinakuja lini?"

Tulipokuwa tunaondoka kijana akaomba tuwape nyota kwenye mtandao. Mama akamwambia nyota waziache mbinguni, waongeze chapati.

Kuhusu boti sitasema mengi, kwa sababu sehemu kubwa ya safari nilikuwa nimeinamia mfuko. Mama alikaa wima, akaimba nyimbo za Krismasi kwa sauti ya chini na kula karanga. Nilimchukia kidogo.

Wete tulipokewa na Neema pamoja na mwenye nyumba wake, Mzee Faki, aliyekuja na gari lake kutuchukua. Alitusalimia vizuri, akaniulizia afya yangu mara mbili kwa jinsi nilivyoonekana, kisha akakinyanyua kiroba.

"Mna nini humu, Mama Neema?"

"Ndizi."

Mzee Faki akatazama kushoto, migomba. Akatazama kulia, migomba. "Mmebeba ndizi kuja Pemba?"

"Hizi ni za mtori," Mama akajibu.

"Aa. Vyema," akasema, akawasha gari. Njia nzima hadi Chake tulipita migomba, na njia nzima Mama alitazama mbele tu.

Tibirinzi, mtaa wa Chake, ndiko Neema alikopanga, vyumba vya uani kwenye nyumba ya Mzee Faki na mkewe, Bi Mwanakombo. Jioni ile Mama akafanya ukaguzi. Alizunguka maduka yote ya karibu, akarudi na ripoti: hakuna taa za rangi, hakuna nyimbo, hakuna hata puto. "Unaona, Eli?" Nikaitikia kwa kichwa. Neema akanikazia macho, naye nikamwitikia kwa kichwa. Shingo ililala inauma.

Siku ya Krismasi tulianza na kanisa, dogo lakini linaimba. Tuliporudi tukakuta mbuzi tayari. Mzee Faki alimwagiza kwa ndugu yake wa Shumba na kumchinja mwenyewe, kama ambavyo kule nyumbani kila mwaka tunamwita jirani Mwislamu atuchinjie ili kila mtu ale. Mama alilegea kidogo. Akapika mtori, akakaanga nyama, na akatoa amri yake ya kila mwaka: simu zote ndani ya sufuria, kifuniko juu, hadi watu washibe. Neema alikuwa ndiyo kwanza ananyanyua simu apige picha mtori. "Tunakula au tunautolea kitambulisho?" Mama akauliza, na simu ikaingia sufuriani.

Kabla hatujakaa, Mama akanipa bakuli la mtori nimpelekee Bi Mwanakombo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Bi Mwanakombo alilimimina, akaliosha, akalijaza vipande vya mkate wa kumimina. "Chombo cha watu hakirudi kitupu, mwanangu. Mpelekee mama'ako."

Sasa, Mama naye amelelewa hivyo hivyo. Alipoliona bakuli limejaa, akaupanga mkate mezani, akaliosha, akalijaza nyama. Nikapeleka. Likarudi na pweza wa nazi. Mama akalijaza mtori. Likarudi na wali, kisha na mihogo.

"Mama, acha kujaza," Neema akasema.

"Niache mimi? Aanze yeye. Mimi mwanamke wa Kibosho nitarudisha chombo kitupu kwa mtu aliyenipa pweza?"

Nikawa navuka ule ua, mwanaume mwenye mke na watoto, nikiwa na bakuli mkononi, na kila upande ukiniuliza mbona nachelewa. Nilimwomba Bi Mwanakombo tupumzike. Akaniambia, "Mie mgeni anshinde kwa ukarimu, hapa kwangu? Chukua samaki hawa, wende."

Niliporudi na samaki, Mama alikuwa amesimama juu ya sufuria la mtori na upawa mkononi. Lilikuwa limekwisha. Nyama nayo imekwisha. Akakaa kwenye kigoda akatazama meza: mkate wa kumimina, pweza, wali, mihogo, samaki. Hata kijiko cha mtori hakikuwepo. Tangu nizaliwe sijaona Krismasi yetu bila mtori, na kwa uso ule nilijua barua ya uhamisho imeshaandikwa kichwani. Neema naye alijua. Aliniangalia kama mtu anayedai ndiyo yake, nami nikajifanya natafuta chumvi.

Tukasikia hodi. Bi Mwanakombo mwenyewe, mikono mitupu.

"Mama Neema," akasema, "mie na Mzee tumekaa kula, hamna chakula changu hata kimoja. Kwangu kote ni mtori na nyama yako. Na changu chote kiko kwako. Sasa ama tuhame nyumba, ama tule pamwe."

Mama alimtazama, akaanza kucheka, akacheka hadi akajifuta machozi kwa khanga. Mkeka ukatandikwa uani, vyakula vikakutana kwenye sinia. Bi Mwanakombo alipoelezwa sheria ya simu alitia yake sufuriani, akaifuatisha ya mumewe, ambaye aliitoa shingo upande. Sufuria likalia wakati wote wa chakula na hakuna aliyeinuka.

Alasiri tukahamia sebuleni kwa Bi Mwanakombo kuona muvi. Ni moja hiyo hiyo kila mwaka, ya kutafsiriwa, na mtafsiri anaongea peke yake mwanzo hadi mwisho, anakohoa, na mahali fulani unamsikia anakunywa chai. Binti anayefanya kazi mji wa mbali anataka kufika kwao Krismasi, na theluji imefunga njia. Mtafsiri amempa jina la Rehema.

"Na huyu anayesema ndani ni nani, mumewe?" Bi Mwanakombo akauliza.

"Hapana, huyo anatafsiri tu."

"Basi anajua mambo yake mno."

Nakala yetu ina kasoro. Rehema akishaona taa ya nyumba kwa mbali, picha inakatika, na mwisho wake hatujawahi kuuona. Kwa hiyo kila mwaka Mama ndiye anayeumalizia: mlango unafunguliwa, binti anaingia, wanakula. Picha ikakatika pale pale.

"Kafika, hakufika?" Bi Mwanakombo akauliza.

Sote tukamgeukia Mama. Neema alikuwa amesimama mlangoni, keshavaa sare, begi begani, anakwenda zamu. Mama alimtazama.

"Hakufika," akasema.

Nilishtuka. Miaka yote amefika.

"Hakufika kwa sababu ana kazi, na watu anaokaa nao ni watu. Mama yake ndiye aliyefunga ndizi zake kwenye kiroba, akamfuata."

"Ndizi?" Mzee Faki akauliza. "Kwenye barafu lile?"

"Huko hakuna migomba, Mzee Faki."

"Hapo sawa," akakubali.

Neema akaja akamkumbatia Mama kwa nguvu, akatoka anajifuta macho, na simu akaisahau sufuriani. Mimi niliona raha ambayo siwezi kuieleza, na nusu yake ilikuwa ya shingo yangu.

Siku ya kurudi, Bi Mwanakombo alitufungia halua kwenye bakuli, safari hii bakuli lake. Kwenye boti nikamkumbusha Mama kwamba chombo kile si chetu. "Najua," akasema. Akakipakata hadi Tanga.

Moshi, halua haikumaliza siku tatu. Bakuli limeoshwa, limefunikwa kitambaa, liko kabatini, na jirani alipotaka kuliazima Mama alimwambia hilo lina safari. Nami nimejifunza mawili: Mpemba usishindane naye kwa chombo, na kwenda Pemba usibebe ndizi. Hili la pili nimemwambia Mama juzi, alipoanza kuulizia basi la Desemba.

Akasema ndizi zinakwenda.

Nikasema ndiyo.